Mchafuzi Alipe, Mkaguzi Aseme

Katika taarifa ya hesabu ya kila kampuni kubwa upo mstari mmoja mfupi ambao wananchi wengi hawausomi, na ambao baadhi ya mameneja wangependa usisomwe kamwe. Mstari huo ni ada ya mkaguzi wa hesabu. Hutajwa kwa tarakimu chache miongoni mwa gharama za mafuta, bima na ulinzi, kana kwamba ni malipo ya kawaida kama yalivyo malipo ya kufagia ofisi. Hata hivyo mstari huo una habari ndani yake. Anayejua kuusoma hupata dalili kama kampuni inaishi kwa amani na wafanyakazi wake, na majirani zake na ardhi iliyoikalia, au kama imefukia uchafu chini ya vitabu vyake ikingoja siku ya kuumbuka.

Kwa miaka mingi mambo haya mawili yalitenganishwa. Hesabu zilikuwa kazi ya wahasibu. Mito, hewa, usalama wa wafanyakazi na haki za wanavijiji vilikuwa kazi ya maofisa uhusiano, ambao kila mwaka walitoa kijitabu chenye picha za watoto wakipokea madawati. Utengano huo sasa umekufa. Mwenendo wa kampuni kuhusu mazingira na jamii umeingia katika daftari la fedha, na kwa sababu hiyo umeingia pia katika bei anayoitaka mkaguzi kabla hajatia sahihi yake. Ni wajibu wa viongozi wa mashirika, wa Bunge na wa wananchi wenyewe kuelewa jambo hili, maana gharama yake mwishoni hulipwa na umma.

Mwaka 1980 msomi Dan Simunic, alipochambua ada zilizolipwa na makampuni ya Marekani, alieleza kwamba bei ya ukaguzi ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni kazi yenyewe: saa za kupekua vitabu, kuhesabu mali ghalani, kuthibitisha madeni na kuwahoji watu. Ya pili ni hatari, yaani hasara ambayo mkaguzi anaweza kuipata baadaye iwapo kampuni aliyoipa hati safi itaanguka na waliodhurika wakamfikisha mahakamani. Mkaguzi hutoza kwa ajili ya jasho lake, na hutoza pia kwa ajili ya hofu yake. Zaidi ya miaka 40 imepita na maelezo hayo bado ndiyo msingi wa uchambuzi wa ada za ukaguzi popote duniani.

Sasa tazama mgodi wa dhahabu. Unachimba miamba, unaisaga, unaiosha kwa kemikali, na mabaki yake huyahifadhi katika bwawa la topesumu. Siku mgodi utakapofungwa, mashimo yatapaswa kufukiwa, bwawa litapaswa kufunikwa na maji ya jirani yatapaswa kupimwa kwa miaka mingi. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinaitaka kampuni isisubiri siku hiyo. Inatakiwa ikadirie leo gharama za urekebishaji huo, izitambue kama deni na kuziingiza katika mizania. Sheria za madini na mazingira za Tanzania nazo zinatambua dhamana ya kurekebisha ardhi iliyochimbwa, ili mwekezaji asije akafunga virago na kuwaachia wananchi mashimo.

Ni nani basi atakayejua kama kadirio hilo ni la kweli? Meneja anayetaka kuonyesha faida kubwa ana kila sababu ya kulipunguza. Mkaguzi hana budi kulichunguza. Ikiwa mgodi umetunza kumbukumbu za vipimo vya maji, ukaguzi wa kuta za bwawa umefanywa kwa wakati wake, na madai ya wanavijiji yameandikwa na kujibiwa, kazi ya mkaguzi huwa nyepesi. Ikiwa vipimo havipo, bwawa linavuja na wanavijiji wamekwenda mahakamani, mkaguzi hulazimika kuajiri wahandisi na wanajiolojia, kuwaandikia mawakili na kurudi mgodini mara mbili au tatu. Saa zinaongezeka. Hofu nayo inaongezeka. Ada haiwezi kubaki pale ilipokuwa.

Si migodi peke yake. Kiwanda kisichowasilisha michango ya hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wake kinajilimbikizia deni na adhabu. Shamba kubwa lenye mgogoro wa ardhi na kijiji lina mali ambayo umiliki wake una mashaka. Kampuni inayowaficha wafanyakazi walioumia kazini ina fidia ambazo hazijaandikwa popote. Kila moja ya dhuluma hizi ni dhambi kwanza kwa binadamu aliyedhulumiwa; lakini pia ni tundu katika vitabu, na mkaguzi mwaminifu lazima alitafute tundu hilo kwa tochi.

Historia ya karibuni imejaa mafunzo. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Wafanyakazi 11 walikufa, na mafuta yakamwagika baharini kwa muda wa karibu miezi mitatu. Kufikia mwaka 2018 kampuni ya BP ilikadiria kwamba ajali hiyo ingeigharimu takriban dola bilioni 65. Fedha hizo hazikuwemo katika mizania yoyote siku moja kabla ya mlipuko. Usalama uliopuuzwa ulikuwa ni deni lisiloandikwa.

Mfano wa Volkswagen unauma zaidi. Septemba 2015 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilifichua kwamba magari ya dizeli ya kampuni hiyo ya Ujerumani yalikuwa na programu iliyoweza kutambua gari linapopimwa moshi, ikapunguza uchafu wakati wa kipimo na kuuachia tena barabarani. Magari takriban milioni 11 duniani yalihusika. Kwa hesabu za mwaka 2015 peke yake kampuni ililazimika kutenga Euro bilioni 16.2. Jambo la kustaajabisha ni kwamba siku chache kabla ya aibu hiyo, Volkswagen ilikuwa imetajwa na orodha mashuhuri ya Dow Jones kuwa kinara wa uendelevu katika sekta ya magari. Mwezi uliofuata iliondolewa. Hapo ndipo ulimwengu ulipojifunza kwamba sifa nzuri juu ya karatasi si kinga, na kwamba mkaguzi anayeshusha ada na kupunguza kazi kwa kuvutiwa na kijitabu chenye rangi amejitia kitanzi mwenyewe.

Wapo wasomi waliolipima jambo hili kwa takwimu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba makampuni yenye matendo ya kutatanisha kwa jamii na mazingira hutozwa ada kubwa zaidi ya ukaguzi kuliko makampuni ya kufanana nayo. Mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba habari mbaya za aina hiyo zinapoandikwa magazetini, ada hupanda na wakaguzi huwa wepesi zaidi wa kujiuzulu. Kwa maneno mengine, kelele za wanavijiji zikifika gazetini hufika pia katika meza ya mkaguzi. Waandishi wa habari wauzingatie ukweli huo, wajue kwamba kalamu yao ina uzito hata katika mahesabu ya mabepari.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba ada kubwa daima ni alama ya uovu. Kampuni inayojali inaweza nayo kulipa zaidi, kwa sababu inatoa taarifa nyingi zaidi na inataka kila taarifa ithibitishwe. Inamwambia mkaguzi aende mtoni, apime, aulize, aandike. Gharama hiyo ni ya afya, kama gharama ya mtu anayekwenda hospitali kupimwa angali mzima. Gharama ya kampuni chafu ni ya ugonjwa. Kwa nje tarakimu zinaweza kufanana. Kwa hiyo haitoshi kutangaza kiasi cha ada. Sababu ya ada kupanda au kushuka lazima nayo itangazwe, ili mwenye hisa na mwananchi ajue kama analipia kinga au analipia kidonda.

Vilevile ada ndogo si jambo la kushangilia. Baadhi ya wakurugenzi hujisifu mbele ya bodi kwamba wameokoa fedha kwa kumpata mkaguzi wa bei rahisi. Wajiulize mkaguzi huyo atafanya nini kwa malipo hayo. Mkono mtupu haulambwi. Aliyelipwa saa 100 kwa kazi ya saa 300 atakaa ofisini, atanywa chai, atapokea karatasi alizotayarishiwa na kutia sahihi. Bwawa atalisikia tu kwa jina. Zabuni za ukaguzi zinazotolewa kwa kutazama bei peke yake huzaa hati safi zilizo rahisi, na hati rahisi ni ghali kuliko zote siku ukuta unapobomoka.

Kwa upande mwingine, ada nono mno hufunga mdomo. Kampuni ya Enron ya Marekani iliyoanguka Desemba 2001 ilikuwa imewalipa wakaguzi wake, Arthur Andersen, dola milioni 52 kwa mwaka 2000. Milioni 25 zilikuwa za ukaguzi na milioni 27 za kazi nyinginezo, zikiwemo za ushauri. Mwenye kupokea kwa mkono mmoja ada ya kumchunguza mtu, na kwa mkono wa pili malipo ya kumshauri mtu huyohuyo, hawezi kuwa na jicho kali. Enron ilipozama, Andersen nayo ilizama. Mwaka 2002 Marekani, ngome ya ubepari, ililazimika kutunga sheria ya kuwakataza wakaguzi wasiuze kazi nyingi za namna hiyo kwa wale wanaowakagua.

Somo hilohilo lilirudi Brazil kwa damu. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma wa kampuni ya Vale lilibomoka Brumadinho na kuua watu 270, wengi wao wafanyakazi waliokuwa kazini. Miezi michache kabla yake, bwawa hilo lilikuwa limepewa cheti cha uimara na tawi la kampuni ya ukaguzi wa kihandisi ya Ujerumani, TÜV SÜD, iliyokuwa ikilipwa na Vale yenyewe. Mwaka 2020 waendesha mashtaka wa Brazil waliwashtaki watu 16 wa makampuni hayo mawili. Iwe ni mhandisi anayekagua ukuta au mhasibu anayekagua kitabu, swali ni moja: je, anayemlipa ana uwezo wa kumnyamazisha?

Tanzania haiko mbali na mambo haya. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia mto Tigithe, na malalamiko ya wananchi wa Tarime yakasikika nchi nzima. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya Shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu, na baadaye likasimamisha matumizi ya bwawa hilo hadi hali irekebishwe. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui, katika Wilaya ya Kishapu, ulibomoka; tope na maji vikafunika mashamba na makazi ya majirani, na uzalishaji ukasimama kwa miezi kadhaa. Katika mgodi huo Serikali ilikuwa mwanahisa.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa wakulima na wafanyakazi moja kwa moja. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, Serikali ina haki ya kupata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Ndiyo maana kampuni ya Twiga iliundwa, na makubaliano yake na Barrick yakatiwa sahihi Januari 2020. Ushindi huo ulikuwa wa haki. Lakini mwenye hisa hupokea gawio na hubeba pia mzigo. Faini inapolipwa, fidia inapotolewa na ada ya ukaguzi inapopanda kwa sababu ya uzembe wa meneja, gawio la umma hupungua. Mwananchi wa kijiji cha jirani hulipa mara mbili: mara ya kwanza kwa maji ya mto wake, mara ya pili kwa zahanati ambayo gawio lile lingeijenga.

Wapo watakaosema kwamba habari za uendelevu ni mtindo wa kigeni ulioletwa ili kuziongezea nchi changa gharama. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli na gunia la makosa. Ni kweli kwamba viwango vya taarifa za uendelevu vilivyotolewa Juni 2023 na Bodi ya Kimataifa ya Viwango hivyo, ambavyo Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizovikubali, vinahitaji wataalamu, vipimo na fedha. Ni kweli pia kwamba makampuni manne makubwa ya ukaguzi duniani yanaitazama kazi hii mpya kama shamba jipya la mavuno. Lakini wazo lenyewe, kwamba shirika halipimwi kwa faida peke yake, Watanzania hawakufundishwa na mtu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka binadamu mbele ya fedha. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliunda mabaraza ya wafanyakazi ili sauti yao isikike katika uendeshaji wa mashirika. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukadai kwamba matumizi ya mashirika ya umma yasimamiwe na kwamba wafanyakazi waheshimiwe. Kilichoongezwa sasa ni tarakimu.

Tena, dawa ya kutawaliwa na wakaguzi wa nje inajulikana. Taifa lilipotaka kujitegemea katika kazi ya hesabu, liliunda Shirika la Ukaguzi wa Hesabu kwa sheria ya mwaka 1968, na mwaka 1972 likaunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Moyo huohuo unahitajika leo. Kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha taarifa za uendelevu, kilichotolewa Novemba 2024, hakimfungii mlango mtaalamu asiye mhasibu. Wahandisi, wakemia na mabwana afya waliosomeshwa kwa kodi ya wananchi waketi pamoja na wahasibu wa Kitanzania, wajifunze kazi hii, ili fedha zinazolipwa kwa kuukagua mto wa Mara zisiishie katika benki za London.

Hatua za kuchukuliwa ziko wazi. Kwanza, kila shirika la umma, na kila kampuni ambayo umma una hisa, litangaze ada ya mkaguzi wake pamoja na sababu za mabadiliko yake, na lieleze fedha zozote nyingine alizolipwa mkaguzi huyo. Pili, bodi za zabuni ziache kuchagua mkaguzi kwa bei peke yake. Saa za kazi na utaalamu vipimwe kwanza. Tatu, pale Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapoteua kampuni binafsi kukagua kwa niaba yake, kama Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inavyoruhusu, masharti ya uteuzi yamlazimu mkaguzi kufika katika bwawa, kiwandani na kijijini. Nne, baraza la wafanyakazi lipewe nafasi ya kuzungumza na mkaguzi bila meneja kuwapo. Hakuna ajuaye ufa wa ukuta kuliko anayefanya kazi chini yake.

Tano, na hili ni la mkurugenzi mwenyewe: mkurugenzi ambaye shirika lake linalipa ada kubwa kwa sababu ya faini, kesi na kumbukumbu zilizopotea asiruhusiwe kuiita gharama ya kawaida ya biashara. Aitwe mbele ya bodi, na ikibidi mbele ya kamati ya Bunge, aeleze. Ikiwa hana maelezo, ampishe mwingine. Uzembe wa namna hiyo ni ubadhirifu, hata kama hakuna senti iliyoibwa.

Wananchi nao wasijitenge wakidhani kwamba mizania ni maandishi ya wenye shahada. Muhtasari wa hesabu uandikwe kwa Kiswahili na ubandikwe katika ofisi za vijiji vinavyozunguka mgodi au kiwanda, ukionyesha fedha kiasi gani zimetengwa kurekebisha ardhi, madai mangapi yamepokelewa na mangapi yamelipwa. Viongozi wa Chama katika kata hizo wahakikishe muhtasari huo unasomwa mkutanoni na maswali yanajibiwa. Mkulima anayejua gunia lake lina debe ngapi hawezi kushindwa kujua kama tarakimu aliyosomewa inatosha kufukia shimo analoliona kwa macho yake.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Shirika linalotunza mto, linalolipa wafanyakazi wake kwa haki na kusikiliza majirani zake linaziba nyufa kila siku kwa gharama ndogo, na mkaguzi akija hukuta nyumba iliyo wazi. Linalongoja hadi bwawa libomoke litalipa faini, litalipa fidia, litalipa mawakili na litamlipa mkaguzi mara mbili, na hata hivyo waliopoteza mashamba hawatarudishiwa msimu wao. Uchaguzi huo uko mikononi mwa wakurugenzi. Wajibu wa Taifa ni kuhakikisha kwamba aliyechafua analipa mwenyewe, na kwamba aliyeajiriwa kuona anasema alichokiona.